Kijana wangu kipa, tumbo limemtoka na akitua anayumba, shida ni mafuta tu au kuna kingine?

Mama_Kipa

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu maana hili jambo limenikaa kichwani zaidi ya mwezi sasa na sijui nimfuate nani.

Nina kijana wa miaka 14, kipa, anadaka tangu ana miaka 9 na anaupenda mpira kiasi kwamba glavu analala nazo pembeni ya mto. Mwaka huu tumbo limeanza kumtoka. Sio kwamba kanenepa mwili mzima, mikono na miguu iko kawaida tu, ila hapa katikati pamejaa na ukimwangalia kwa pembeni akiwa kasimama unaona kiuno kimebonyea kwa ndani kama upinde, tumbo mbele, makalio nyuma, mabega kayarudisha nyuma utadhani kabeba mzigo kifuani. Alafu akiruka kudaka krosi, akitua hasimami palepale, anaongeza hatua mbili tatu za kujishikilia ndo anatulia, na mara mbili kadondoka kabisa mpira ukiwa mkononi. Zamani hakuwa hivyo.

Kocha wake kamwambia mbele ya wenzake kwamba kitambi ndo kinamwangusha na asipokiondoa msimu ujao golini atakaa mwingine. Basi juzi nimeingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua nikamkuta kajizungushia nailoni tumboni, kaibana na selotepu, yuko sakafuni anapiga sitapu, ngozi yote nyekundu imelowa jasho. Ananiambia anapiga 200 kila usiku. Nikaikata ile nailoni kwa mkasi mikono inanitetemeka, hakulia, alikuwa anaangalia ukutani tu.

Sasa nauliza, ni kweli tumbo linaweza kumyumbisha mtoto kiasi hicho au kocha kaongea tu? Na kama ni kweli nifanye nini ambacho hakitamuumiza? Nisisahau, mwaka jana aliteguka kifundo cha mguu wa kulia, akapumzika wiki mbili akarudi uwanjani, saizi halalamiki maumivu yoyote.

Mkimbiaji_Alfajiri

Pole dada. Mimi sio mtaalamu ila naona usiogope sana, ni umri. Apunguze kula usiku, akimbie kila asubuhi, tumbo litaisha lenyewe. Sitapu aendelee nazo, ikiwezekana afike 300, ila hiyo nailoni aache kabisa.

Kocha_Viungo

Mama pole sana, na umeeleza vizuri mno, natamani wazazi wote wangewaangalia watoto wao kwa jicho hilo. Nimefundisha viungo vijana wa mpira na wa kikapu kwa miaka mingi, ngoja nianze na swali lako la kwanza. Ndio, tumbo linaweza kumyumbisha mtu, na sio maneno ya kocha tu, ni uzito na mahali uzito ulipokaa.

Iko hivi. Mtu akisimama wima uzito wake wote unakuwa kama umekusanyika sehemu moja, tuiite kitovu cha uzito, na kwa mtu aliyesimama sehemu hiyo iko ndani ya nyonga, chini kidogo ya usawa wa kitovu cha tumbo. Ukining'iniza kamba yenye jiwe kutoka hapo, jiwe halitui visiginoni, linatua sentimita chache mbele ya vifundo vya miguu. Yani hata ukiwa umesimama tu umetulia, mwili muda wote unataka kuangukia mbele kidogo, na misuli ya mashavu ya miguu inakurudisha nyuma bila wewe kujua, kazi hiyo haikomi mpaka ukae.

Sasa ongeza kilo tatu au nne hapo mbele ya tumbo. Ile kamba inasogea kuelekea vidoleni, na vidole ndo mpaka, ikivuka pale unapiga hatua au unaanguka. Mwili una njia mbili za kujiokoa, ama mashavu ya miguu na misuli ya nyuma ya mapaja ifanye kazi zaidi, ama uegemeze kifua nyuma ili kamba irudi mahali pake, na ukiegemeza kifua nyuma kiuno lazima kibonyee kwa ndani. Huo mkao uliouona sio uvivu wa kijana wala maringo, ni mwili wake unatafuta balansi, na mara nyingi unafanya yote mawili kwa pamoja ndo maana watoto wa hivi wanachoka kiuno na mashavu ya miguu mapema kuliko wenzao.

Ukitaka kuelewa kwa mwili wako mwenyewe mama, chukua begi la shule, tia vitabu vya kilo nne, livae mbele kifuani lishuke mpaka tumboni, alafu simama kwa mguu mmoja bila viatu. Angalia vidole vyako vya mguu, utaona vinang'ang'ania sakafu, vinakunjuka na kukunjika, na kiuno kimeshabonyea kabla hujafikiria chochote. Lihamishie mgongoni ujaribu tena, kilo ni zilezile ila mwili unajipanga tofauti kabisa, sasa unainamia mbele. Hilo zoezi nawapa makocha wenzangu kila mwaka, maana kocha akishalivaa begi kwa dakika mbili anaacha kumpigia mtoto kelele za "simama wima".

Na kudaka krosi ni kugumu kuliko kusimama. Miguu ikigusa chini inasimama, lakini uzito wa tumboni bado uko safarini, unaendelea mbele na chini, na mafuta hayana uwezo wa kujivuta kama msuli, ni mzigo tu unaobebwa. Ndo hizo hatua mbili tatu unazoziona. Kilo hizohizo zingekuwa misuli ya mapajani na makalioni zingemsaidia kutua, ziko chini zaidi na zinafanya kazi.

Mkuu Mkimbiaji, nakuheshimu lakini hapo kwenye sitapu hapana. Mafuta hayaungui pale unapofanyia zoezi. Mwili unachota mafuta kutoka ghala zake zote kwa mpango wake wenyewe, unaweza kupiga sitapu 300 ukajenga msuli wa tumbo vizuri tu na mafuta yaliyo juu yake yakabaki kama yalivyo. Na kwa mtoto ambaye kiuno tayari kimebonyea, sitapu 200 kila usiku zinamkunja mgongo mara 200 na kuifanya misuli ya mbele ya nyonga izidi kukaza, yani ileile inayomvuta kiuno mbele. Nailoni inatoa jasho, jasho ni maji, akinywa maji yanarudi. Akizoea kufanya hivyo kwenye joto anaweza kuzidiwa.

Kiungo_Mkabaji

Samahani kocha naomba kuuliza kwa nia njema kabisa, kama tumbo linaharibu balansi mbona wacheza sumo wana matumbo makubwa na kuwaangusha ni kazi? Na maproppu wa raga, wale wazito wa mstari wa mbele, je?

Kocha_Viungo

Swali zuri sana. Kuna vitu viwili vinachanganywa. Kimoja ni ugumu wa kusukumwa, hapo uzito unasaidia kweli, kitu kizito hakisogei kirahisi. Na mcheza sumo hasimami kama kipa, anapanua miguu, anakunja magoti, anashusha kitovu chake cha uzito karibu na ardhi, na chini ya yale mafuta kuna misuli mikubwa aliyoijenga kwa miaka. Kingine ni kujisimamisha mwenyewe ukiwa unatembea, unaruka, unageuka. Hapo uzito ulioko mbali na katikati ya mwili unachelewa kuanza na unachelewa kusimama. Kipa hasukumwi sana, kazi yake ni kwenda na kusimama, kwenda na kusimama, na mara nyingi kazi hiyo anaifanya akiwa kwenye mguu mmoja.

Fizio_Uwanjani

Nimesoma michango yote, Kocha_Viungo kaeleza vizuri na sina cha kupinga. Lakini Mama_Kipa, sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiandika kama vile umeikumbuka wakati unatoka mlangoni, ndo imenifanya nirudie post yako mara ya pili. Kifundo cha kulia, mwaka jana, wiki mbili, akarudi uwanjani. Hakuna aliyeigusa hapa na mimi naona inaweza kuwa ndo nusu ya habari yenyewe.

Mwili unajua uko wapi kwa njia tatu: macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo, viungo na misuli. Ndani ya kano za kifundo kuna vipokezi vidogo vinavyotuma taarifa ya mguu umeinama kiasi gani. Mtu akiteguka zile kano zinavutika au kuchanika na vipokezi vinaumia pamoja nazo. Uvimbe unaisha, maumivu yanaisha, mtoto anasema nimepona, ila ule mguu unachelewa kutoa taarifa na misuli inachelewa kuitika mpaka ufundishwe upya. Wiki mbili za kupumzika hazifundishi kitu hicho, inabidi uufanyie mazoezi.

Sasa ukiunganisha kifundo ambacho hakijafundishwa na uzito uliosogea mbele, hapo ndo naogopa. Kuna utafiti ulitoka Marekani mwaka 2006 kwa wachezaji wa sekondari wa mpira wa Kimarekani, waliokuwa na uzito mkubwa na pia waliwahi kuteguka kifundo, kiwango chao cha kuteguka bila hata kuguswa na mtu kilikuwa mara 19 ukilinganisha na wenye uzito wa kawaida ambao hawakuwahi kuteguka. Mara 19! Mwaka uliofuata, 2007, watafiti haohao wakatoa matokeo ya kitu walichowapa vijana waliokuwa kwenye hatari hiyo: kusimama kwa mguu mmoja juu ya kigodoro laini, dakika 5 kila mguu, siku 5 kwa wiki kwa wiki 4 kabla ya msimu, alafu mara 2 kwa wiki msimu ukiendelea. Kuteguka kulishuka kwa asilimia 77. Na hawakuambiwa wapungue kwanza, miili ilikuwa ileile, kilichofundishwa ni miguu. Mama hapa naomba usome mara mbili maana ndo jibu la swali lako la pili: huhitaji kusubiri tumbo liishe ndo balansi irudi.

Sisemi mafuta hayana uzito kwenye hili. Kwa watu wazima wanene sana imeshapimwa, wakipungua kuyumba kwao kunapungua, na anayepungua zaidi anatulia zaidi. Ila kwa kijana wa miaka 14 anayekua huwezi kuanzia huko.

Kingine ni umri. Wavulana wengi wanarefuka kwa kasi yao kubwa kwenye miaka 14 hivi, wasichana kwenye 12, mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 ndani ya mwaka mmoja. Mifupa inatangulia, misuli inafuata, ubongo unabaki na ramani ya mwili wa mwaka jana. Wengi wanajaza tumbo kidogo kabla ya kurefuka alafu linakwenda. Kwa hiyo mnaweza kuwa mnaona vitu vitatu kwa wakati mmoja, tumbo, kifundo na kukua, na kocha kavipa jina moja la kitambi.

Kuhusu kiuno kubonyea, sio lazima yote yawe mafuta. Fikiria nyonga kama ndoo ya maji. Ikiinamia mbele maji yanamwagikia mbele, na tumbo linatoka hata kwa mtoto mwembamba. Kinachoiinamisha ni misuli ya mbele ya nyonga iliyokaza, hasa kwa watoto wanaokaa sana, huku misuli ya makalio na ya chini ya tumbo ikiwa imelegea. Mwambie asimame kwa kuegemea ukuta, visigino vikae mbali kidogo na ukuta, makalio na mabega yaguse, alafu upitishe mkono nyuma ya kiuno. Mkono mmoja kupita ni kawaida. Ikipita ngumi na bado kuna nafasi, ndoo imeinama.

Naomba mnifanyie vipimo viwili vingine nyumbani. Cha kwanza, mpime kiuno kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya mbavu ya mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, akiwa katoa pumzi kawaida bila kubana tumbo, alafu linganisha na urefu wake. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu hakuna cha kuhangaika. Cha pili, bandika mstari wa selotepu sakafuni, asimame bila viatu kwa mguu mmoja, kidole kikubwa mwanzo wa mstari, mguu mwingine aunyooshe mbele aguse mbali anavyoweza bila kuuwekea uzito na bila kisigino cha mguu aliosimamia kunyanyuka. Weka alama. Badilisha mguu. Kwa vijana wa kikapu wa sekondari, tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya miguu iliendana na kuumia zaidi.

Na muulize bila kumtisha kama mgongo wa chini unauma. Kijana mwanamichezo mwenye maumivu ya kiuno yaliyopita wiki mbili, hasa yakizidi akijipinda nyuma, hiyo usiisubirie, apelekwe hospitali. Kuna ufa mdogo unaotokea kwenye pingili ya uti wa mgongo, mara nyingi ile ya tano ya kiuno, kwa vijana wanaojipinda nyuma mara kwa mara, na kipa anajipinda nyuma kila siku. Ukishikwa mapema unapona vizuri kwa kupumzika na mazoezi sahihi. Maumivu ya usiku, ganzi ya mguu, hivyo pia usisubiri.

Zamani_Mbio

Mama mimi sikuwa na mpango wa kuandika chochote ila hiyo ya nailoni imenitoa machozi.

Nilikimbia mita 800 nikiwa na miaka 15 hadi 17. Aliyekuwa ananifundisha alinishika tumbo siku moja mbele ya wasichana wengine, akalibana kwa vidole viwili, akasema hii ndo sekunde zako mbili ziko hapa. Hakuwa na ubaya moyoni, naamini alitaka nishinde, ila kuanzia siku ile nikaacha kula mchana. Alafu nikaacha na asubuhi. Nilipungua kweli na miezi miwili ya kwanza nilikimbia vizuri, kila mtu akanisifu, na hapo ndo palipokuwa na mtego. Mwezi wa tatu nikaanza kuyumba kwenye kona ya pili, miguu inakuwa kama sio yangu, hedhi ikakata miezi saba na sikumwambia mtu kwa sababu niliona ni nafuu. Mwisho muundi ukapata ufa, sikuangushwa na mtu, nilikuwa nashuka ngazi.

Daktari aliyenitibu ndo wa kwanza kuniuliza nakula nini. Baadae nikajifunza kwamba hali hii ina jina, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliielezea mwaka 2014, ni upungufu wa nishati kwa mwanamichezo, mwili ukikosa chakula cha kutosha kwa kazi unayoupa unaanza kuzima mambo, homoni, mifupa, kinga, hata umakini wa akili, na inawapata wavulana pia. Kwa hiyo Mkimbiaji_Alfajiri ndugu yangu, ile "apunguze kula" ukimwambia kijana anayekua na anayefanya mazoezi kila siku sio neno dogo. Na balansi haikurudi kwa njaa, mimi ndo iliniondokea kwa njaa.

Mama naomba jioni moja ukae naye tu. Sio kumpa somo la lishe. Akae ajue kwamba umeiona ile nailoni na hujamwona yeye kuwa na kosa.

Mkimbiaji_Alfajiri

Dada Zamani_Mbio pole sana, sikulijua hilo na nimejifunza, nafuta ushauri wangu. Samahani Mama_Kipa.

Mama_Kipa

Asanteni wote, Mungu awabariki. Zamani_Mbio nimekusoma usiku nikashindwa kulala. Nimekaa naye jana, sikusema mengi, nilivaa lile begi la kilo nne mbele nikasimama kwa mguu mmoja mbele yake nikawa nayumba, akanishika mkono nisianguke, akaniuliza "hivi ndo unahisi na wewe?" nikamwambia sasa najua unavyohisi. Tukaanza kuongea hapo.

Majibu ya vipimo. Urefu sentimita 162, kiuno 84, nusu ya urefu ni 81 kwa hiyo kapita kidogo. Ukutani ngumi yangu inapita. Mstari wa selotepu, akisimamia mguu wa kushoto anafika 58, akisimamia wa kulia anafika 51, na huo wa kulia kifundo kinatetemeka chote naona mshipa unacheza. Tofauti 7. Mgongo anasema hauumi ila unachoka. Akifumba macho kwenye kulia hafiki sekunde 5.

Fizio_Uwanjani

Mama hiyo 7 ndo niliyokuwa naiogopa, na nashukuru imeonekana sasa kabla hajateguka tena. Kama kuna fizio, yani mtaalamu wa tiba ya viungo, karibu yenu aonwe kwa macho, mimi hapa siwezi kukishika kifundo. Wakati mnasubiri mnaweza kuanza.

Kila siku, mguu mmoja mmoja, bila viatu, pembeni ya ukuta ili ashike akizidiwa. Wiki ya kwanza sakafuni, dakika 5 zigawanywe vipande vya nusu dakika, wa kulia uanze kwa sababu ndo umechoka kuliko mwenzake. Ikishakuwa rahisi apande kwenye mto mgumu au godoro lililokunjwa, baadae ndo afumbe macho. Asikimbilie, kisigino kikianza kucheza sana arudi hatua moja nyuma.

Kutua ni somo lake peke yake. Aanze na kuruka kidogo sana, kimo cha kitabu, atue kwa miguu miwili kimyakimya, magoti yakunjike na yaelekee vidole, akae pale hesabu tatu bila kuongeza hatua. Ukisikia kishindo ujue magoti hayajakunjika. Baadae ndo atue kwa mguu mmoja.

Sitapu aache. Badala yake apige magoti na viganja chini, mkono wa kulia na mguu wa kushoto vinyooke pamoja, kiuno kisibonyee wala kisizunguke, ashikilie hesabu kumi abadilishe. Aongeze planki ya ubavu, yani kulala kwa ubavu na kujinyanyua kwa kiwiko mwili ukiwa umenyooka, kila upande, na daraja, yani kulala chali magoti yamekunjwa na kunyanyua makalio. Profesa Stuart McGill wa Canada aliyepima migongo kwa miongo kadhaa, hayo mawili ya mwanzo yamo kwenye mazoezi yake matatu makuu, kwa sababu yanaimarisha kiuno bila kukikunja mara mia. Na anyooshe misuli ya mbele ya nyonga, goti moja chini, makalio kayabana, nusu dakika kila upande.

Uzito msimpangie kabisa. Ale milo yake, alale masaa 8 mpaka 10 kama inavyotakiwa kwa umri wake, asogee. Anayerefuka akikaa na kilo zilezile tayari amepungua kwa urefu wake.

Kocha_Viungo

Naongeza moja. Mpelekee kocha wake jina la FIFA 11+, ni mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi, yana kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua, yametafitiwa sana na timu nzima inafaidika, sio mwanao peke yake kutengwa pembeni. Ukimwendea kocha kwa njia hiyo atakusikia kuliko ukienda kumlaumu, ingawa alichosema mbele ya watoto wengine hakikuwa sawa na siku moja atafaa kuambiwa.

Mama_Kipa

Narudi na mrejesho, imepita miezi minne. Samahani kwa kuchelewa.

Urefu sasa 165. Kiuno 82, yani kimeingia chini ya nusu kwa nywele tu. Kilo hazijapungua hata moja, kaongeza moja, na wala hatuongelei kilo hapa nyumbani tena, mzani nimempa jirani. Kushoto anafika 60, kulia 57, tofauti 3. Ukutani inapita viganja viwili vilivyobanana, ngumi haipiti tena. Fizio tuliyempata alikishika kifundo akasema kano moja ilikuwa imelegea, akaongeza mazoezi ya mpira wa kuvutika.

Tumbo bado lipo, dogo. Ila Jumamosi krosi imekuja, kapanda katikati ya mabeki wawili, kashika, katua kwa mguu wa kulia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli na nilikuwa naangalia kifundo tu, sikuangalia mpira. Kilicheza kidogo kwa nje, kikatulia. Hakuongeza hatua. Kaubana mpira kifuani kaangalia upande niliopo.

Kocha wake 11+ wameanza nayo, timu nzima. Yale maneno aliyoyasema bado hajayaongelea na kijana.

Swali moja limebaki. Fizio wetu kasema sasa aanze kurushiwa mpira akiwa kasimama kwa mguu mmoja, ila nilisahau kumuuliza nianze kumrushia upande gani, wa mguu aliosimamia au ule mwingine?

Fizio_Uwanjani

Mama nimeisoma mara tatu kwa furaha. Anza upande wa mguu ulio hewani, mpira ukimzidi anaushusha tu chini na anasimama salama. Upande wa mguu aliosimamia mwili unalalia ukingo wa nje wa kifundo, na ndiko alikoteguka mara ya kwanza, huo uache mpaka aweze kudaka 20 za upande rahisi bila kushusha mguu. Na urushe taratibu, usawa wa kifua.